Bi Sijui Anastaafu na Siri Zetu Zote

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, kengele ya mwisho ikilia, mshauri wetu wa wanafunzi anastaafu baada ya kuitumikia shule hii miaka ishirini na sita. Miaka ishirini na sita, jamani! Wapo walimu hapa ambao alipoanza kazi walikuwa bado wananyonya. Wapo wengine walikuwa wanafunzi hapa hapa, wakaingia chumbani kwake pua zinavuja, na leo wamevaa tai wanajifanya walizaliwa wakubwa. Simtazami mtu.

Kamati ya sherehe imenipa mimi wa kantini niandike wasifu wake. Msishangae. Walianza na mwalimu wa lugha, mtu mwenye maneno kama mvua, akaandika nusu ukurasa akakwama. Si kwamba maneno yaliisha. Shida ni kwamba kazi yote ya huyu mama ni siri. Ukiandika wasifu wa dereva utasema aliendesha gari gani na alifika wapi. Ukiandika wa mpishi utasema alilisha watu wangapi. Huyu utasema nini? Alikaa kwenye kiti, akasikiliza, akanyamaza, na hivyo ndivyo alivyofanya tena kesho yake. Ndipo kamati ikasema mpeni Kantini, dirisha lake linatazama mlango wa mama tangu enzi. Kweli linatazama. Ule mlango nimeuona kuliko nilivyoiona sura ya mke wangu. (Mke wangu, ukisoma hapa, huu ni utani.)

Kwanza mjue kwamba sherehe yenyewe nusura ife. Kamati ilipanga jambo zuri: siku ya kumuaga, wote waliowahi kusaidiwa naye wasimame ukumbini wapigiwe makofi. Walikuwa wameshalitia kwenye ratiba, kati ya keki na hotuba. Mama alipoiona ile ratiba akavua miwani.

“Nani alibuni hili?”

Kila mtu akamtazama mwenzake. Makamu mkuu akasema kwa sauti ndogo, “Ni kamati, mama.”

“Basi iambieni kamati imtafute mstaafu mwingine. Miaka yote hii nimekaa namficha mtoto asionekane akiingia, leo mnataka nimsimamishe mbele ya watu mia tatu?”

Kipengele kikafutwa. Keki ikabaki.

Wanafunzi wanamwita Bi Sijui, na jina hilo amelitolea jasho. Ukimuuliza, “Mama, yule binti mbona jana alikuwa analia?” atakujibu, “Sijui.” “Si alikuwa kwako saa nzima?” “Sijui.” “Mama, alitoka mlangoni kwako macho mekundu, nimemwona kwa macho yangu!” “Basi wewe unajua kuliko mimi. Nipe chai.” Nami nampa chai. Ungefanya nini?

Mzazi mmoja alikuja na keki kubwa ya sukari juu, ameibeba kama anapeleka mahari, akitaka kujua bintiye anaongea nini mle ndani. Alikaa karibu saa nzima. Alipotoka alikuwa amekula vipande viwili vya keki yake mwenyewe, amelia, amesimulia habari za ndoa yake tangu mwanzo, na kuhusu bintiye hajapata hata herufi moja. Akaja dirishani kwangu kununua maji. Akaniambia, “Kaka, huyu mama ni hatari. Nilikuja kuuliza, nimeishia kujibu.” Wiki iliyofuata alirudi, safari hii na bintiye, wakaongea wenyewe kwa wenyewe, mama akiwa kati yao kama refa. Hilo nalisema kwa sababu mzazi mwenyewe hulisimulia kila akija kulipa ada, tena kwa sauti ya juu.

Sasa niwaambie alivyoanza, kwa sababu walioajiriwa juzi wanadhani mambo yalikuwa hivi hivi siku zote.

Alipofika, shule ilimpokea kwa heshima kubwa mno, na ile heshima ndiyo iliyomharibia. Walimpa chumba kinachotazama uwanja. Wakamwandikia juu ya mlango, kwa rangi nyekundu, USHAURI NASAHA, herufi kubwa utadhani stendi ya mabasi. Nje wakaweka benchi jipya, limepigwa msasa, kwamba wenye matatizo wasubirie pale. Yaani mtoto mwenye jambo lake zito akae kwenye benchi, chini ya maandishi mekundu, mbele ya uwanja mzima, wenzake wakicheza mpira na kumpungia mkono. Unadhani alikaa nani? Muhula mzima alikaa paka. Hata paka alichekwa, wakasema ana msongo wa mawazo.

Mama hakulalamika. Alimwendea mkuu wa wakati ule akamwomba jambo lililowafanya walimu waangue kicheko: apewe kazi ya vitu vilivyopotea. Zile sweta, kofia, vitabu visivyo na jina, chupa za maji, zilizokuwa zinarundikwa kwenye kona ya stoo mpaka panya wanajenga. Mkuu akasema, “Mama, wewe umesomea ushauri, kazi ya masweta ni ya nini?” Akamjibu kwamba anapenda usafi. Akapewa. Kisha akaomba pampu ya mpira. Kisha sindano na uzi, kwa vifungo vinavyokatika. Kisha ile mashine kubwa ya kuchongea penseli inayozungushwa kwa mkono. Maandishi mekundu akayapaka rangi ya ukuta mwenyewe, amepanda kiti, sketi ameifunga na kibanio. Benchi akaniletea mimi. Ndilo hilo mnalokalia mkinywa soda.

Baada ya hapo shule nzima ilikuwa na sababu ya kuingia. Huyu kapoteza sweta, yule mpira umeisha upepo, yule penseli imevunjika. Mlango unafunguka na kufungwa kutwa. Na katika hao wote, ni nani aliyekwenda kwa sweta na ni nani aliyekwenda kwa moyo wake, hakuna aliyeweza kujua. Tena alikuwa na sheria yake: hakuna mtoto anayetoka mikono mitupu. Ukikaa mle dakika tano au saa nzima, utatoka na kitu mkononi, hata kama ni soksi moja isiyo yako. Kuna kijana alimaliza shule ana soksi saba, zote za mguu wa kulia.

Nami nilikuwa dirishani, macho kodo, najiona mjanja wa mjini. Nilijipa kazi ya kubahatisha: huyu wa sweta, huyu wa machozi. Nilikosea mara nyingi hadi nikaacha. Mkorofi mkubwa niliyedhani kaenda kusemwa, kumbe kapeleka mpira. Kiranja mkuu, shati limenyooshwa, kiatu kinang'aa, nilidhani kafuata chaki, kumbe. Basi, kumbe. Hata leo sijui hiyo kumbe ilikuwa nini.

Kila mtoto anayekaa kwenye kile kiti kwa mara ya kwanza huambiwa maneno yale yale. Nimeyapata kwa watu wengi waliokaa pale, wote wanayakumbuka kwa kichwa: “Utakachoniambia kinabaki hapa. Isipokuwa nikiona utaumia, au mtu mwingine ataumia. Hapo nitasema. Lakini sitasema nyuma ya mgongo wako. Wewe utajua kabla yao.” Halafu anamwambia mtoto arudie kwa maneno yake, ahakikishe yameingia. Asiyeweza kurudia haanzi kusimulia. Anaanza kuchonga penseli mpaka aelewe.

Maneno hayo ukiyasikia ni mepesi. Uzito wake mtauona kwenye habari ya Kipa.

Hii habari nimepewa na mwenyewe. Amekaa kwenye benchi langu, amekunywa soda yangu bure, akasema, “Andika, Kantini. Nimechoka kuona mama anaagwa kama mtunza masweta.” Kwa hiyo naandika kwa ruhusa yake.

Kipa alikuwa kipa wetu, mwaka wake wa mwisho shuleni. Mikono mirefu, maneno machache. Mama yake alikuwa amefariki, na baba alikuwa amepata kazi mbali, ya kuendesha mashine za barabara. Mwanzo baba alipiga simu kila Jumapili na kutuma matumizi. Baadaye simu zikawa za mwezi. Baadaye namba ikawa haipatikani. Nyumbani akabaki Kipa na mdogo wake wa kike, Kadogo, aliyekuwa darasa la pili. Wawili tu, nyumba nzima.

Na Kipa aliogopa kitu kimoja duniani. Alikuwa ameona jirani yao mmoja alipofariki watoto wakagawanywa kama vyombo: huyu kwa shangazi mji ule, huyu kwa babu, huyu kituo cha watoto. Akaapa kwamba yeye na Kadogo hawatagawanywa. Kwa hiyo akaficha. Majirani aliwaambia baba amerudi ila anafanya kazi za usiku, mchana amelala. Kila Jumamosi alitoa mashati ya baba kabatini, mashati safi, akayafua, akayaanika kambani pale mbele ili watu wayaone. Alfajiri alimwamsha Kadogo, akamsuka nywele kwa yale mavidole yake ya kudakia mipira. Mistari ilikwenda kama barabara ya milimani. Wasichana wa darasa la pili walimcheka Kadogo, “Umesukwa na nani, na upepo?” Na Kadogo, aliyekuwa ameshafundishwa la kusema, alijibu, “Na shangazi.” Shangazi mwenyewe hakuwepo.

Shuleni sisi tuliona upande mwingine. Kipa analala darasani, mate yanadondoka kwenye daftari. Kipa anafungwa mabao ya kijinga. Kengele ikilia anakimbia kama ameiba, mazoezi ya jioni haonekani. Mitihani ya mwisho imekaribia. Walimu wakaanza kunong'ona kwamba kijana kaingia kwenye bangi. Mimi mwenyewe nilichangia mnong'ono, nilisema macho yake siyapendi.

Mkuu wetu wa sasa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa amekabidhiwa shule, aliamua kumsimamisha masomo. Msimlaumu. Angemfanyaje? Alikuwa na shule ya watoto mia tano na kila mzazi anamtazama. Lakini alijua Kipa huenda sana kujaza mpira upepo kwa Bi Sijui, na mpira gani unaisha upepo kila siku? Akamwita mama ofisini. Mlango ulikuwa wazi na karani alikuwa anasikia, na karani yule akisikia, kantini imesikia.

“Mama, huyu kijana ana nini?”

“Anahitaji asisimamishwe.”

“Sijauliza anahitaji nini. Nimeuliza ana nini.”

“Mkuu, la kwanza naweza kukujibu. La pili si langu.”

“Mimi ndiye mkuu wa shule hii!”

“Tena mkuu mzuri. Ndiyo maana sikudanganyi, ningeweza kukwambia ana malaria ukaridhika. Nakuomba mambo matatu. Apewe kifungua kinywa kwa Kantini, mimi nitalipa. Aruhusiwe kukaa maktaba kipindi cha kwanza. Na mazoezi ya jioni asilazimishwe.”

“Na akifa mikononi mwangu? Nitamwambia nini mtu?”

Karani anasema hapo mama akajibu, “Siku nikiona hatari, utajua siku hiyo hiyo. Na yeye atakuwa ameshajua kwamba nakwambia. Naweka kazi yangu hapa mezani.”

Mkuu alizunguka meza. Akafungua dirisha, akalifunga. Akasema, “Wiki tatu.” Mama akatoka. Alikuja kwangu akaagiza chai na mikate miwili na yai kila asubuhi kwa ajili ya Kipa, akasema nikiulizwa niseme ni zawadi ya mfungaji bora. Nikamwambia, “Mama, yule ni kipa.” Akasema, “Basi ya mfungwaji bora.” Nilicheka mpaka chai ikamwagika.

Kumbe ndani ya chumba alikuwa ameshajua yote: mashati, shangazi wa uongo, simu isiyopatikana. Kipa alikuwa amemsimulia. Na kila siku alikuwa anamsogeza pole pole, amtafute ndugu mtu mzima kwa hiari yake, kabla mambo hayajaharibika. Kipa alikuwa anasema kesho. Mama akawa anakubali kesho, ila anauliza: leo Kadogo amekula nini, leo anakaa na nani ukiwa shuleni, leo nani anawasha jiko. Alikuwa anapima. Mtoto akikwambia siri halafu ukamkimbilia polisi dakika ile ile, hatakwambia ya pili, na hiyo ya pili ndiyo huenda ingemwokoa. Ukinyamaza kupita kiasi, unakuwa umemwua kwa adabu. Mama alitembea hapo katikati siku zile zote, na sisi tukamwona anashona vifungo.

Halafu Kadogo akaungua mkono. Alitaka kumsaidia kaka yake, akapanda kigoda achemshe maji ya chai, sufuria ikaponyoka. Kipa alimpeleka zahanati, akamwambia muuguzi kwamba baba amelala. Asubuhi akaja chumbani kwa Bi Sijui, akasimulia, akasema, “Lakini kapona, kafungwa bandeji, hana neno.”

Mama akamwambia, “Mwanangu, leo ndiyo ile siku niliyokwambia.”

Kipa akaruka juu. “Uliahidi!”

“Niliahidi mambo mawili. Hili ni la pili.”

“Watamchukua!”

“Kaa tuongee nani aambiwe kwanza.”

“Wewe mwongo kama wengine!”

Akatoka. Mlango aliupiga teke, bawaba ya juu ikakatika. Na alitoka mikono mitupu, wa kwanza katika historia. Mimi nilikuwa nakata mkate, kisu kikabaki hewani.

Hapo, ndugu msomaji, mama angeweza kuinua simu. Sheria ilikuwa upande wake, mkuu alikuwa upande wake, kijana ameshamtukana. Nani angemlaumu? Hakuinua simu. Alitoka mbio. Bi Sijui, ambaye hata kengele ya moto ikilia hutembea, alikatisha uwanja mbio, viatu mkononi, mvua ya asubuhi imeacha matope mpaka vifundoni. Darasa zima la jiografia likahamia dirishani. Kipa alikuwa ameketi nyuma ya goli, kichwa magotini. Mama akaketi palepale kwenye matope na sketi yake ya kazi.

Mimi nilikuwa mbali, sikusikia. Lakini Kipa amenipa maneno.

Alimwambia, “Sijaenda kwa mkuu. Nilisema utajua kabla yao, ndiyo nimekuja ujue. Nitamwambia leo, hilo sikufichi, hata ukinichukia. Lakini wewe chagua: nani mwingine aambiwe, nani aseme, na nini kisisemwe.”

Kipa aling'oa majani ya nyuma ya goli moja moja. Baadaye akasema, “Kuna mama mdogo.”

Mama mdogo wake, mdogo wa marehemu mama, alikuwa fundi cherehani, anakaa upande wa pili wa mji. Siku ya mazishi aligombana na baba yao vibaya sana, na baba akakataza asitajwe nyumbani. Kipa alikuwa na hofu kwamba atamtaka Kadogo peke yake, kwa kuwa ni mdogo na ni wa kike.

“Twende tukamwulize,” mama akasema. “Mkiwa mmekaa chumba kimoja wote. Hakuna atakayesema habari ya kugawana wewe ukiwa hupo.”

“Na mashati,” Kipa akasema. “Habari ya mashati usiseme.”

“Mashati gani?” mama akasema.

Kipa anasema hapo ndipo alipocheka, kilio na kicheko pamoja, makamasi yote.

Wakaenda kwa mkuu, wawili, wote matope. Mama alisema maneno machache tu: nyumbani hakuna mtu mzima, mdogo wake ameumia, kuna ndugu tunakwenda kumwona, na afisa wa ustawi wa jamii nampigia sasa hivi hapa mbele yenu. Hakusema zaidi. Mkuu alimtazama Kipa, akatazama kapeti lake lilivyochafuka, akachukua funguo za gari. Lile gari mnalikumbuka, lilikuwa haliwaki bila kusukumwa. Tulitoka kulisukuma mimi, mlinzi na makamu mkuu. Sikujua nasukuma nini. Nilisukuma tu nikilalamika mgongo.

Mama mdogo alisikiliza akiwa na sindano mdomoni. Walipomaliza akaitoa, akasema, “Mnaniuliza nini? Mbona mmechelewa?” Akaanza kufunga cherehani.

Vita haikuishia hapo. Afisa wa ustawi alikuja, mtu wa haki lakini mwenye haraka, akasema kwa kufuata taratibu Kadogo akae kituoni kwa muda na Kipa apelekwe bweni mpaka nyumba ikaguliwe. Kwa muda tu. Mama akamwambia, “Kwa muda ni muda gani?” Afisa akasema inategemea. Mama akasema, “Basi kagua sasa. Tunakusubiri. Kuna gari, na kuna watu wa kulisukuma.” Walikwenda wote. Afisa akaikuta nyumba imefagiwa, daftari za Kadogo zimesahihishwa na kaka yake kwa kalamu nyekundu, ndoo za maji zimejaa, na mama mdogo anapigilia pazia. Bi Sijui alipambana hapo, kwa maneno laini na bila kupandisha sauti. Habari za mashati hazikutajwa. Habari za hofu za Kipa hazikutajwa. Alitaja kile tu kilichohitajika ili watoto wakae pamoja, na kikatosha. Afisa akaandika kwamba wabaki, atawatembelea kila wiki.

Usiku ule walilala nyumba moja, mama mdogo akiwa mlangoni na cherehani yake kama askari na mzinga.

Kipa akafanya mitihani akafaulu. Si kwa kubabaisha, alifaulu vizuri mpaka mwalimu wa hesabu akaomba aone karatasi. Fainali ya mpira tulifungwa tatu kwa bila, naye golini, jamani hatuwezi kupata kila kitu. Leo Kipa ni dereva wa gari la wagonjwa, na gari lake linawaka kwa ufunguo. Kadogo ni mpima ardhi, anasimama barabarani na kile chombo chake cha kupimia chenye miguu mitatu, anatuambia barabara ipite wapi, na watu wazima wanahama. Baba yao alirudi baadaye. Hiyo ni habari ya baba, na baba sijamwomba ruhusa.

Tangu hapo mkuu hakuwahi tena kumwuliza mama fulani ana nini. Aliuliza, “Anahitaji nini?” Na swali hilo limekuwa la shule nzima. Mwalimu wa zamu analiuliza, mlinzi analiuliza getini kwa waliochelewa, karani ameacha kunisimulia, jambo ambalo biashara yangu imelisikia. Shule tatu za jirani zimeleta walimu wao kujifunza kwake. Walikuja na kalamu na mafaili, wakakuta mwanamke anajaza mpira upepo. Wakaondoka wameelewa, kila mmoja na soksi.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa wasifu. Niliuchapisha nikampelekea mama ausome kabla haujaenda kwa kamati. Aliusoma wote amesimama. Nilisubiri machozi. Nilikuwa hata nimebeba kitambaa. Alipomaliza akaniuliza, “Huyu Kipa wako amekubali?”

“Kwa mdomo wake, mama, na soda yangu.”

“Na Kadogo umemwuliza?”

Nikakirudisha kitambaa mfukoni.

“Mkono ulioungua ni wa nani? Nywele zilizochekwa ni za nani?” Akanirudishia karatasi. “Nenda.”

Siku tatu kabla ya kustaafu, ameshafunga mizigo, na bado anamlinda mtoto wa darasa la pili ambaye sasa ana leseni ya kuendesha gari.

Nilimfuata Kadogo kazini, nikamkuta kwenye vumbi, kofia ngumu kichwani. Akasoma kila mstari huku magari yakipiga honi. Akacheka sana kwenye habari ya nywele. Akafuta mahali pamoja, nami nimepaacha palivyofutwa, msije dirishani kuniuliza. Kisha akanirudishia na kusema, “Wewe Kantini umeandika mengi, la maana umelisahau. Andika kwamba hatukutengana. Hata siku moja.”

Nimeandika.

Mama, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na wale wote ambao leo wamekaa kwenye viti vyao bila kusimama, tunakushukuru. Mshauri mpya ataripoti Jumatatu na ameshaomba pampu. Nenda ukalale mchana, ukanywe chai iliyotengenezwa na mtu anayejua kutengeneza. Maisha yakunyookee, afya ikukae, wajukuu wakusumbue kwa kiasi. Na siku ukiwa na jambo lako la moyoni, njoo ukae utusimulie. Umetufundisha kunyamaza.